Bohari Ndani ya Ngome: Uhakiki wa Masimulizi ya Urithi Kuhusu Reli ya Bububu, Zanzibar

Utangulizi

Uhakiki huu unahusu sentensi moja. Katika masimulizi yanayotolewa kwa wageni na wanafunzi kuhusu Ngome Kongwe ya Zanzibar, baada ya maelezo marefu ya Wareno na Waarabu wa Oman, huja kauli fupi kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 ngome hiyo ilitumika kama bohari ya reli ya Bububu. Masimulizi hayasimami hapo. Yanasonga mbele upesi hadi kwenye ukumbi wa wazi uliojengwa katika miaka ya 1990 na matamasha yanayofanyika humo, na bohari haitajwi tena.

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba ufupi wa sentensi hiyo haukutokana na uchache wa mambo ya kusema. Umetokana na namna ambavyo tumezoea kulitazama jengo la kale, yaani kama kitu kilichokamilika siku kilipojengwa, na ambacho yote yaliyokifika baadaye ni matumizi tu. Kwa mtazamo huo, karakana ya reli ndani ya kuta za ngome ni mgeni aliyelala usiku mmoja. Uhakiki huu unalichukulia jengo kwa namna nyingine: kama mtu mwenye wasifu, ambaye miaka yake ya kazi haiwezi kurukwa kwa sababu tu haina ufahari.

Istilahi mbili zinahitaji kuwekwa wazi. Neno "bohari" linatumika kwa maana ya mahali pa kuhifadhia vifaa, mabehewa na vyombo vya kazi, pamoja na karakana iliyoambatana napo. Neno "tramu" linatumika kwa maana ya usafiri wa reli wa mjini unaopita katika barabara moja na watu na milango yao. Reli ya Bububu iliitwa reli, na chombo chake watu wa pwani walikiita gari la moshi, lakini ukiitazama kazi yake ilikuwa karibu zaidi na tramu kuliko na ile reli ya bara inayokata nyika. Ilikuwa na urefu wa maili 7 hivi, takribani kilomita 11. Ilianzia penye ngome, ikapenya katika njia nyembamba za Malindi, kisha ikafuata upande wa pwani kuelekea kaskazini hadi Bububu. Postikadi za wakati huo zinaionyesha ikipita baina ya nyumba, ukuta upande huu na ukuta upande ule.

Reli mbili na bohari moja

Wasifu wa bohari hauanzi na Waingereza, na hapa ndipo sentensi fupi inapofanya dhuluma yake ya kwanza. Zanzibar ilikuwa na reli kabla ya kuwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890. Sultan Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijengesha mwaka 1879 njia ya reli iliyotoka kwenye kasri yake mjini kwenda Chukwani. Mabehewa yake yalivutwa kwanza na nyumbu. Baadaye, mwaka 1881, kikaagizwa kichwa cha treni kidogo kutoka kiwanda cha Bagnall cha Uingereza. Alipofariki Barghash mwaka 1888, reli yake nayo ikafa. Ilikuwa chombo cha kasri, na kasri ilipobadili mwenyewe hapakuwa na mtu mwenye haja nayo.

Reli ya pili ilikuwa ya biashara. Kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney iliyokuwa na makao New York ilipata kibali, na mwaka 1905 gari la moshi likaanza kwenda Bububu. Mwaka 1911 serikali ikaichukua. Mwaka 1922 ikaacha kubeba abiria, kwa kuwa barabara zilikuwa zimetengenezwa na magari yalikuwa yamefika. Hata hivyo, haikufa hapo. Iliendelea kubeba mawe ya ujenzi wa bandari hadi kuelekea mwisho wa miaka ya 1920, ndipo ikafungwa.

Miaka hii ya mwisho ndiyo yenye uzito mkubwa kuliko yote, na ndiyo inayosahauliwa kwa urahisi zaidi. Tunapoikumbuka treni, tunamkumbuka abiria: behewa la daraja la kwanza, safari ya jioni kwenda shamba, cheche zilizoruka na kutoboa nguo. Ni kumbukumbu za kupendeza, na zimeingia katika vitabu vya safari kwa sababu waandishi wa vitabu hivyo walikuwa abiria. Mawe hayaandiki kitabu. Lakini gati ambalo karafuu ya Zanzibar ilipitia katika miongo iliyofuata lilisimama kwa mawe yaliyoletwa na chombo kilekile kilichokuwa kimekataliwa na abiria. Msomaji wa fasihi ya Kiswahili anaijua bandari hiyo vizuri. Riwaya ya Adam Shafi, *Kuli*, iliyochapishwa mwaka 1979, imeifanya kuwa mahali pa mapambano ya wafanyakazi na mgomo wa mwaka 1948. Fasihi imemkumbuka aliyebeba gunia juu ya gati. Aliyeleta jiwe la gati hilo, na aliyelitengeneza gurudumu la behewa lililobeba jiwe, hana riwaya wala kibao.

Kauli ya kutendeka

Turudi kwenye sentensi yenyewe, maana lugha yake inastahili kuchunguzwa na si maudhui tu. Husemwa kwamba ngome "ilijengwa na Waarabu wa Oman" baada ya kufukuzwa kwa Wareno, karibu na mwaka 1700, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Hiyo ni kauli ya kutendwa: mtenda ametajwa, na akiachwa anaweza kuulizwa. Kisha husemwa kwamba ngome "ilitumika kama bohari". Hiyo ni kauli ya kutendeka. Kila mwanafunzi wa sarufi anajua kwamba kiambishi -ik- huonyesha hali ya kitu bila mtenda, na kwamba hata ukitaka kumrudisha mtenda kwa "na fulani", muundo wa sentensi hauna nafasi ya kumpokea. Ngome ilitumika, kama chungu kinavyovunjika au mlango unavyofunguka.

Huenda ikadhaniwa kuwa huku ni kuichokonoa sarufi bila sababu. Sivyo. Laurajane Smith, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu matumizi ya urithi, ameonyesha kwamba urithi si kitu kilichokaa kinangoja kupatikana, bali ni tendo la kuchagua, na kwamba usemi rasmi wa wataalamu huelekea kuchagua kilicho kikubwa, cha kale na cha kupendeza macho. Nadharia hiyo ilitokana na mifano ya Uingereza na Australia, na inapoletwa Zanzibar inahitaji nyongeza moja: katika Kiswahili, uteuzi huo unapita pia katika vinyambulishi vya kitenzi. Waliojenga wana "na". Waliofanya kazi hawana. Fundi wa karakana, mpiga nyundo wa reli, mpanga mataruma, mwashaji wa tanuri la maji ya moto: hawa wote wamemezwa na -ik- moja.

Jambo la kushangaza ni kwamba lugha hiyohiyo imekuwa mwaminifu sana kwa tabaka nyingine za jengo hili. Ngome hiyo iliitwa Gereza, na neno gereza lenyewe linatokana na neno la Kireno la kanisa. Neno moja limepita kutoka ibada hadi ngome, na kutoka ngome hadi kifungo, na sasa tunalitumia kwa kila jela ya nchi hii bila kukumbuka kwamba tunataja kanisa. Kanisa halikubaki juu ya ardhi, lakini limo kinywani. Bohari ya reli haikuacha neno la namna hiyo. Wala haiwezi kusemwa kwamba muda wake ulikuwa mfupi mno, kwani miaka zaidi ya 20 ya kelele za chuma katikati ya mji ni muda wa kutosha kuzaa jina.

Jina la Bububu

Wapo watakaopinga kwamba jina lipo, nalo ni Bububu. Inasimuliwa sana kwamba mji huo umeitwa hivyo kutokana na mlio wa treni ilipokaribia kituo. Simulizi hili ni tamu na lina mantiki ya tanakali sauti ambayo sikio la Mswahili huikubali mara moja. Lakini si kweli. Emily Ruete, aliyezaliwa Sayyida Salme, binti wa Sultan Said, anaitaja Bububu katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, na anaitaja kama mahali alipoishi kabla ya kuondoka Zanzibar mnamo miaka ya 1860. Jina lilikuwapo karibu miaka 40 kabla ya gari la moshi la 1905. Maelezo yenye nguvu zaidi ni yale yanayolihusisha jina na chemchemi za eneo hilo, ambazo Barghash alizitumia kuleta maji mjini. Na hapo kitenzi kububujika kinatoa ushahidi wa karibu kuliko pembe ya treni.

Je, mtafiti alitupe simulizi la treni kwa kuwa limeshindwa na tarehe? Mwandishi wa uhakiki huu anaona hapana, ila alibadilishie kazi. Kama ushahidi wa asili ya jina, halifai. Kama ushahidi wa kumbukumbu, linafaa sana. Jamii iliyonyimwa kibao, jumba la makumbusho na sentensi yenye mtenda ilichukua jina la zamani ikalijaza sauti ya kitu ilichokisikia kila siku. Ni kama mtu aliyeandika juu ya karatasi iliyokwisha andikwa kwa kuwa hakupewa nyingine. Katika tasnifu nyingi za majina ya mahali, simulizi za namna hii huorodheshwa chini ya kichwa cha "etimolojia za kimapokeo" na kuachwa hapo. Zingepaswa kusomwa kama fasihi simulizi ya kazi, tena mara nyingi ndiyo pekee iliyopo.

Leo daladala za Bububu hufuata upande uleule wa kaskazini, kupitia Mtoni. Abiria wake wanaposhuka kituoni hawahitaji kujua lolote kati ya haya ili wafike nyumbani, na uhakiki huu hauwalaumu.

Kinachorejeshwa na kinachofutwa

Tatizo kubwa la bohari ya Ngome Kongwe ni kwamba ilikaa ndani ya mnara wa kale zaidi yake. Katika miji mingine mambo yalikuwa mepesi. Amsterdam ilikuwa na mabanda makubwa ya tramu yaliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 20. Yalipoachwa, yakafanywa mwaka 2014 kuwa De Hallen, pahala penye maktaba, sinema na vibanda vya chakula. Sydney nayo iliyageuza mabanda ya tramu ya Rozelle kuwa soko. Mtu anaweza kuyapenda mageuzi hayo au kuyachukia (binafsi, mhakiki anaona kwamba soko la anasa ni namna ya adabu ya kusahau), lakini banda lenyewe limebaki, na anayeingia anaona paa lililojengwa kwa ajili ya tramu. Zanzibar haina paa hilo. Kuta za bohari yake ni kuta za ngome, na kila anayezirejesha katika "hali yake ya asili" anairejesha ngome dhidi ya bohari.

Hapo ndipo neno "asili" linapaswa kuhojiwa. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao ndio msingi wa taaluma ya uhifadhi duniani, unasema katika ibara yake ya 11 kwamba michango halali ya vipindi vyote katika jengo iheshimiwe, na kwamba umoja wa mtindo si lengo la urejeshaji. Mkataba wa Nizhny Tagil wa mwaka 2003 ukaongeza kwa uwazi kwamba karakana, bohari na njia za usafiri ni urithi wa viwanda. Hivyo haiwezi kusemwa kwamba nyenzo za kinadharia hazikuwapo. Mji Mkongwe ulipoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, ulisifiwa kwa mchanganyiko wa tamaduni za Afrika, Uarabuni, India na Ulaya uliojidhihirisha katika majengo, na kwa kumbukumbu ya biashara ya watumwa na kukomeshwa kwake. Sifa hizo ni za haki. Lakini mchanganyiko unaosifiwa ni wa milango, baraza na minara. Mchanganyiko wa kazi haumo: mtaji wa New York, himaya ya Uingereza, kiti cha sultani, na mikono ya watu wa mji katika karakana moja.

Pingamizi la haki linaweza kutolewa. Ngome hiyo imekuwa na matumizi mengi. Mwaka 1949 ua wake ulifanywa viwanja vya tenisi vya wanawake. Je, kila tabaka lidai kibao chake, hadi ukuta usionekane kwa wingi wa vibao? La. Kuheshimu vipindi vyote si kuvipa vyote uzito sawa, na mhakiki anayekwepa kupima ameikwepa kazi yake. Viwanja vya tenisi vinaeleza jinsi tabaka fulani lilivyopumzika kwa miaka michache. Bohari inaeleza jinsi mji ulivyounganishwa na mashamba, na jinsi bandari ilivyojengwa. Ya pili ina uzito mkubwa zaidi, na anayedhani zinalingana aonyeshe ni jengo gani lilisimama kwa sababu ya tenisi.

Mfano wa Mombasa unasaidia kuonyesha hatari iliyopo. Huko, kampuni ya IBEA ilianza mwaka 1890 kujenga reli nyepesi kuelekea bara, ikaishia maili chache. Reli zake zikang'olewa na kutandikwa katika kisiwa, na kwa miaka mingi mji ukasafiri kwa troli: viti vyenye kivuli juu ya magurudumu, vikisukumwa na watu kutoka Mji wa Kale hadi Kilindini. Injini ilikuwa mwili wa binadamu. Magari yalipoenea, katika miaka ya 1920, troli zikatoweka, na pamoja nazo njia zake zote. Kilichobaki ni picha, na katika picha hizo aliyeketi ana jina mara nyingi, aliyesimama nyuma akisukuma hana. Zanzibar bado ina kuta zilizokuwa bohari. Imetangulia Mombasa kwa hilo tu.

Nalo hilo halina uhakika wa kudumu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jirani wa karibu wa ngome, ilianguka. Tangu hapo, Forodhani na eneo linaloizunguka limekuwa mahali pa mipango ya ukarabati, na ni sawa kabisa iwe hivyo. Lakini ukarabati huchimba. Mahandaki ya mabomba na misingi mipya hupita palepale palipopita mataruma. Iwapo maelekezo ya kazi hayatataja reli, msimamizi mwenye nia njema ataona kipande cha chuma kilicholiwa na kutu na kukitupa kwenye lori la kifusi, naye atakuwa amefuata maelekezo barabara. Mapendekezo ya uhakiki huu kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ni madogo: mstari wa njia ya reli uchorwe katika ramani za uhifadhi, na maelezo ya Ngome Kongwe yaandikwe upya kwa vitenzi vyenye watenda. Hakuna haja ya kujenga upya behewa la mfano kwa ajili ya picha za watalii. Hilo lingekuwa kosa la pili.

Kutoka Ngome Kongwe hadi Manyamanyama

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini suala hili liandikiwe Manyamanyama, kata ya Mji wa Bunda, mkoani Mara, ambako hakuna reli. Jibu ni kwamba vigezo vinavyoinyima bohari ya Zanzibar nafasi yake vinafanya kazi vizuri zaidi mahali pasipo na ngome ya kuzivuta kamera. Mkoa wa Mara una urithi unaotambuliwa: Butiama, alipozaliwa na kuzikwa Mwalimu Nyerere, ina makumbusho yake tangu mwaka 1999, na inastahili. Ni urithi wa mtu mmoja mkubwa. Urithi wa kazi za wengi katika mkoa huohuo, yaani viwanda vya kuchambua pamba vya Bunda, kiwanda cha nguo cha Musoma, gati la Musoma, unazungumzwa kwa lugha ya hasara na madeni, na hauzungumzwi kabisa kwa lugha ya mambo ya kale.

Sheria inachangia. Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo imeweka mwaka 1863 kuwa mpaka: jengo lililojengwa kabla ya hapo linalindwa kwa ukale wake, na lililojengwa baada ya hapo linangoja tamko la waziri. Sheria hiyohiyo inaulinda mlango wa mbao uliochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940. Mbunge aliyepitisha kifungu hicho alielewa kwamba kitu cha karne ya 20 kinaweza kuwa urithi, mradi kiwe kizuri. Mizani ya pamba haikuchongwa. Zanzibar ina sheria yake, iliyotokana na dikrii ya mwaka 1927, mwaka ambao gari la moshi lilikuwa linaelekea ukingoni. Waliotunga dikrii ya kuhifadhi mambo ya kale hawakuwa na sababu ya kudhani kwamba kelele zile za ngomeni zingekuwa siku moja sehemu yake.

Mtafiti atakayetaka kuifuata hoja hii huku Mara aanzie gatini Musoma. Katika miaka ya 1960, Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilileta katika Ziwa Victoria meli mbili za kubeba mabehewa, *Umoja* na *Uhuru*, na magati ya kuzipokea yakajengwa katika bandari za ziwa, Musoma ikiwamo. Hivyo mji usiofikiwa na treni ukapata reli yake: chuma kilichotandikwa kutoka majini hadi nchi kavu, ili behewa literemke, lijazwe, na lirudi melini. Waliofunga na kufungua minyororo ya mabehewa hayo walikuwa na majina ya kazi zao, vifaa vyao na hatua zao kwa Kiswahili, Kijita na Kikwaya. Msamiati huo ukusanywe kwanza, kabla ya picha na vipimo, na sentensi ya kwanza ya ripoti yake iandikwe kwa kauli ya kutenda.